"Borrowed to" au "Lent to"? Wataalamu wa kingereza nisaidieni, kuna daftari la stoo linataka kuchapishwa

Kijana wa Stoo

Habari zenu wakuu. Mimi nipo gereji moja hapa Morogoro, kazi yangu kutunza vifaa, yaani fundi akitaka jeki au grenda anakuja kwangu anaandikisha, akimaliza anarudisha. Tuna lile daftari kubwa la kaunta buku nimelikuta hapahapa, limepigwa mistari kwa rula, kolamu ya kwanza tarehe, halafu TOOL, halafu BORROWED TO, halafu RETURNED, mwisho sahihi. Miaka yote hakuna aliyelalamika. Sasa juzi kaja jamaa wa bima kukagua gari iliyogongwa, wakati anasubiri akawa anafunua funua lile daftari akacheka, akasema "borrowed to" sio kingereza, andikeni "lent to". Fundi mkuu akadakia hapana bwana, lent ni Kwaresima, sahihi ni "borrowed by". Mwingine akasema "borrowed to" mbona iko sawa tu, kwani hukuelewa? Bosi anataka kuchapisha madaftari mapya yenye jina la gereji juu kabisa na ameniambia nilete jibu kabla hajaenda kwa mtu wa kuchapisha, hela ya kuchapa mara mbili hana.

Naombeni mniambie borrow na lend zinaachana wapi hasa. Msinitupie kamusi, kamusi ninayo, borrow imeandikwa azima, kopa, na lend imeandikwa azima, kopesha, nikabaki palepale.

Mwl wa Zamu

Kijana umeuliza kitu ambacho wanafunzi wanakosea kila mwaka na kosa halitokani na uvivu, linatokana na hilo hilo neno azima ulilolisema. Sikia. Kila kuazimana kuna watu wawili, mwenye kitu na mwenye shida. Kingereza kinataka kujua sentensi inaanza na nani. Akianza mwenye kitu ni lend, akianza mwenye shida ni borrow. Basi. "I lent Hassan the jack", mimi ndo mwenye jeki. "Hassan borrowed the jack from me", Hassan ndo mwenye shida. Tukio ni moja, jeki ni ileile, aliyegeuka ni yule anayekaa mbele.

Kiswahili chetu hakijali sana hilo kwa sababu kina viambishi vya kumaliza kazi. Ukisema "nimemwazima Hassan jeki" hiyo -mw- imeshaonyesha jeki imeenda kwa nani, ukisema "nimeazima jeki kwa Hassan" hiyo "kwa" imeshaonyesha imetoka wapi. Kitenzi ni kilekile kinaenda na kurudi. Kwa hiyo mtu akihamia kingereza anabeba borrow anaipeleka pande zote mbili kama azima, ndo unapata "borrow me your pen" na "I borrowed him my pen" na hiyo "borrowed to" ya daftarini kwako.

Sasa sarufi. Lend inabeba vitu viwili kwa mpigo, mtu na kifaa: "lend me the spanner". Au unageuza: "lend the spanner to me". Borrow inabeba kimoja tu, kile kitu, na mtu lazima apitie kwenye "from". Ukimweka mtu moja kwa moja baada ya borrow, maana yake huyo mtu ndo anayeazimwa! Na wazungu wanasema hivyo kweli, "Can I borrow Hassan for ten minutes?" yaani nipe Hassan anisaidie kusukuma gari halafu nitamrudisha. Kwa hiyo ukisema "borrow me" mzungu anaanza kusikia kama unamwambia akuchukue wewe, halafu ikifuata "your pen" ndo anapotea kabisa.

Jibu la daftari: "borrowed by" ni sahihi, "lent to" ni sahihi, "borrowed to" hapana. Fundi mkuu na mtu wa bima wote wameshinda, ila mwambie fundi mkuu kwamba Lent ya Kwaresima inaandikwa kwa herufi kubwa na ni neno lingine kabisa, asili yake ni neno la kale la majira ya kuchipua majani. Hii lent nyingine ni wakati uliopita wa lend. Hakuna "lended".

Pwagu_Mkavu

Si muandike kiswahili tu?? ALIYEAZIMA. Mmemaliza. Fundi anaitwa Hassan, jeki inaitwa jeki, gereji ipo Morogoro, kingereza cha nini

Kijana wa Stoo

Pwagu mimi nakubaliana na wewe asilimia zote ila bosi anasema kampuni za bima zikija zinakagua makaratasi na kingereza kinafanya tuonekane gereji kubwa. Sio mimi.

Mwalimu nimekuelewa sana, ila swali, huku kwetu tukisema "Hassan kaazimwa jeki" na "jeki imeazimwa na Hassan" zote ni azimwa. Hizo kingereza chake ni kimoja?

Mwl wa Zamu

Hapo umegonga penyewe. "Hassan kaazimwa jeki", Hassan amepewa, kwa hiyo ni lend: "Hassan was lent the jack". "Jeki imeazimwa na Hassan", Hassan amechukua, kwa hiyo ni borrow: "The jack was borrowed by Hassan". Sisi tumetumia azimwa mara zote mbili na hakuna aliyechanganyikiwa, ila kingereza lazima ubadilishe kitenzi. Na ukiandika "Hassan was borrowed" umemfanya Hassan kifaa.

Nadhani aliyechora hilo daftari lenu alikuwa anawaza "kaazimwa nani", ndo akaandika borrowed to. Kichwani kwake ilikuwa kiswahili safi kabisa.

Mama Godauni

Naomba niingilie maana nyie mnabishana grama na mtoto anataka daftari. Mimi nimekaa stoo muda mrefu, stoo ya vipuri na kabla ya hapo stoo ya vifaa vya ujenzi. Kwenye stoo mwanangu hatuandiki lent wala borrowed. Tunaandika ISSUED TO. Kifaa kinatoka stoo, kinakuwa "issued", kinaenda kwa fulani. Kikirudi ni "returned". Sababu ni hivi, spana ni mali ya gereji na fundi ni wa gereji, hapo hajaazimwa na mtu, amepewa kitendea kazi. Kuazima ni pale fundi wa gereji ya jirani anapokuja kuomba grenda yenu. Huyo ndo "lent to". Na hao wa jirani wawekee kurasa zao nyuma ya daftari kwa sababu ndo wanaopoteza vitu, ukichanganya na wa ndani ukaja kufanya hesabu ya mwisho wa mwezi utalia.

Mkaguzi wa vifaa akiona "issued to" hana swali. Akiona "lent to" atauliza kwani huyu sio mfanyakazi wenu?

Mwl wa Zamu

Mama Godauni hapo nakuvulia kofia, mimi nilijibu swali la darasani wewe umejibu la stoo.

Kijana wa Stoo

Dah mama shkamoo. Hiyo ya jirani ni kweli kabisa, kuna grenda ilienda hapo ng'ambo ya barabara kabla ya mvua za masika na mpaka leo nasikia sauti yake tu ikikata mabati.

Mbongo wa Stuttgart

Marahaba kwa niaba ya mama, hahaha. Mimi nipo Ujerumani, nataka kumwambia mwalimu kwamba tusijione wa ajabu, Wajerumani nao wana neno moja tu kama letu, leihen. "Ich leihe dir das Buch" ni nakuazima kitabu, "ich leihe mir das Buch von dir" ni naazima kitabu kwako. Kitenzi kilekile, kinachobadilika ni dir na mir na hiyo von, yaani kama -ku- yetu na "kwako" yetu. Nilivyofika huku nikasema hawa jamaa wanaongea kiswahili. Na wenyewe wakiongea kingereza wanakosea palepale tunapokosea sisi. Nimekaa na Mjerumani ofisini ana digrii yake kabisa ananiambia "can you borrow me your charger".

Nasikia hata Marekani kule Wisconsin na Minnesota ambako walihamia Wajerumani na watu wa Skandinavia wengi, "borrow me" ilibaki kwenye midomo ya watu mpaka wajukuu ambao hawajui kijerumani hata neno. Na Wanigeria wa hapa mtaani kwangu wanasema "borrow me money" bila wasiwasi wowote. Kwa hiyo kosa lina ndugu wengi duniani. Kwenye mtihani watakukata maksi ila mtaani hutakufa njaa.

Pwagu_Mkavu

kwa hiyo kosa likifanywa na watu wengi linakuwa sahihi? si ndo lugha zinavyoanza hizo

Mvita Kibokoni

Mimi niko Mombasa, nimewasoma nyote na kuna jambo mwalimu hakuligusa. Mnasema Waingereza wako makini sana na nani apeana na nani achukua, haya, na "rent" je? "I rent a house from Omar" ni mimi mpangaji. "Omar rents a house to me" ni Omar mwenye nyumba. Neno ni lilelile pande zote mbili! Hapo wao ndio waliochanganya, sisi tuna kupanga na kupangisha, kukodi na kukodisha, mambo safi, hiyo -isha yatosha. Kwa hivyo ukimuona Muingereza akicheka "borrow me" muulize yeye kwenye nyumba mbona amelala.

Hapo pia ndipo linapoingia neno "let", ambalo ni kupangisha pekee, haliwi kupanga. Huku Kenya mabango ya TO LET yamejaa kila ukuta na watoto wakipita na chaki wanaongeza herufi I katikati, nyumba inageuka choo.

Mwl wa Zamu

Mvita ahsante, hiyo ya rent ni mfano mzuri nitauiba. Ndiyo, rent kwa kingereza ni azima yao. Ndo maana wanalazimika kuweka "from" na "to" kila mara, au wanaongeza "out", "rent out", ieleweke ni kupangisha. Tofauti ni kwamba wakija kwenye lend na borrow wanataka maneno mawili na hawana msamaha.

Dogo Winga

wakuu samahani natoka nje kidogo ya mada. kama azima ni unarudisha kitu kilekile na kopa ni unarudisha cha thamani ileile, mbona mchezaji anaenda timu nyingine "kwa mkopo" na anarudi yuleyule?? si angekuwa ameazimwa? unakopaje straika halafu urudishe straika mwingine

Mbongo wa Stuttgart

😂😂😂 Dogo Winga umeniua. Timu inakopa straika inarudisha mabeki wawili na riba.

Mwl wa Zamu

Dogo hujatoka nje ya mada, umeingia ndani zaidi. Ni kwamba sisi tunatenganisha, unaazima spana, jembe, kanga, kesho unarudisha hiyohiyo, lakini unakopa hela, unga, chumvi, vitu ambavyo vikitumika vimekwisha na unalipa vingine. Kingereza hakijali hilo. Borrow a spanner, borrow money, borrow a cup of sugar, zote borrow, ingawa ile sukari imeshanyweka na chai. Kwa mchezaji wao walisema "on loan", waandishi wetu wa michezo wakakutana na loan, kila mtu anajua loan ni mkopo kwa sababu ya benki na Bodi ya Mikopo, wakaandika mkopo. Wangefikiri kidogo wangeandika mchezaji wa kuazima na ingekaa vizuri tu. Ila imeshazoeleka, sasa hivi ukisema Yanga wameazima kipa watu watadhani hana jezi.

Mama Godauni

Mwalimu hapo nakukatalia kidogo. Mtaani watu wanasema "niazime elfu kumi" kila siku na hakuna anayetegemea noti ileile irudi. Tena mtu akisema niazime anamaanisha nitarudisha upesi, akisema nikopeshe hapo kaa chini muandikishane. Mimi nikisikia "niazime" natoa, nikisikia "nikopeshe" nauliza lini.

Mwl wa Zamu

Kweli mama, hiyo ipo. Azima inamfanya mkopaji asionekane mkopaji.

Kijana wa Stoo

Sasa mwalimu umetaja loan. Mtu wa bima kabla hajaondoka alisema pia mnaweza kuandika "loaned to". Hiyo imekaaje, loan si ni mkopo wenyewe, jina?

Mwl wa Zamu

Loan kimsingi ni jina, ndiyo, "a loan". Lend ni kitenzi, "to lend". Ila loan imekuwa ikitumika kama kitenzi vilevile kwa karne nyingi, na Wamarekani wanaitumia bila shida, "he loaned me his truck". Uingereza kuna watu wakisikia hivyo wanakunja uso wanasema lend ipo ya nini kutumia loan, japokuwa haohao kwenye kurasa za michezo wanaandika mchezaji "was loaned to". Kwa hiyo "loaned to" sio kosa, ni suala la upande gani wa bahari umesomea.

Mpaka mmoja upo. Loan ni ya vitu vya kushikika na hela. Yale matumizi ya kimafumbo ni ya lend peke yake: "lend a hand" ni kusaidia, "lend an ear" ni kutega sikio, "lend support" ni kuunga mkono. Huwezi "loan a hand". Na kuna "lend itself to", mfano "this engine doesn't lend itself to quick repairs", yaani hii injini haikubali matengenezo ya harakaharaka. Hiyo waandikie wateja wenu wa gari za kizungu.

Ukitaka kujua lend haiishii benki, Marekani mwezi Machi 1941 walipitisha sheria inayoitwa Lend-Lease, wakawa wanapeleka vifaa vya vita kwa Waingereza na baadaye Wasovieti kabla na baada ya wao wenyewe kuingia vitani. Ndege, chakula, na nyie wa gereji mtapenda hii, malori ya Studebaker mengi sana yalikwenda Urusi kwa mtindo huo. Kwa karatasi yalikuwa ya kuazimwa. Lori lililopita kwenye tope la Urusi likipigwa mabomu nani atalirudisha.

Pwagu_Mkavu

kama grenda ya kijana wa stoo

Mvita Kibokoni

Mwalimu niulize pia, na hili "borrow" asili yake ni nini? Maana lend na loan zaonekana ndugu.

Mwl wa Zamu

Ndugu kabisa. Lend ilikuwa haina d zamani, ile d ilijipachika kutoka kwenye wakati uliopita, na loan ililetwa na watu wa Skandinavia walipovamia Uingereza. Borrow iko ukoo mwingine, inatokana na neno la kale la dhamana, rehani. Yaani zamani kuchukua kitu cha mtu ilikuwa unaacha kitu kingine pale.

Mama Godauni

Na ndo ilivyo sahihi. Fundi wa jirani akija aache kitambulisho cha NIDA au leseni, sio jina tu kwenye daftari. Hapo hata ukiandika kichina kifaa kitarudi.

Kijana wa Stoo

Nimeongea na bosi leo asubuhi, nimemsomea kila kitu mpaka ya Studebaker akacheka. Amekubali hivi: kurasa za mbele za mafundi wetu, DATE, TOOL, ISSUED TO, RETURNED, SIGNATURE. Kurasa za nyuma za watu wa nje, hapo ndo LENT TO, na kitambulisho kinabaki droo ya meza yangu. Fundi mkuu amenuna kidogo, anasema yeye alisema "borrowed by" na mwalimu kasema ni sahihi, kwa nini haimo. Nimemwambia ni sahihi ila sisi gereji ndo tunaotoa kwa hiyo lent inatuweka mbele sisi. Hapo nimejibu vizuri mwalimu?

Mwl wa Zamu

Umejibu kama mwenye kitu. Vizuri sana.

Mama Godauni

Kabla hamjachapa, hiyo SIGNATURE ya nani? Ya anayechukua au ya kwako unayepokea? Weka mbili. Anayechukua asaini siku ya kuchukua, na kikirudi wewe ndo unasaini, weka RECEIVED BY pembeni ya tarehe ya kurudisha. Bila hivyo fundi atakuambia nilirudisha ukawa umeenda kula, na daftari halina cha kukutetea.

Kijana wa Stoo

Nampigia sasa hivi mama, yupo njiani kwenda kwa mchapaji.